Kashfa ya Dini na Damu ya Mtu

Dini ni mali yenye thamani kuu katika maisha ya mwanadamu. Mtu aweza kunyang'anywa shamba akaenda barazani kudai haki yake kwa utulivu. Aweza kutukanwa yeye mwenyewe akanyamaza kwa kuchelea aibu. Lakini likiguswa jina la Mola wake, au mtume wake, au kitabu chake, subira humtoka upesi. Sababu haifichiki. Dini humpokea mtu anapozaliwa, humpa jina, humwoza, humfariji katika msiba na humsindikiza kaburini. Anayeifanyia mzaha huonekana amewafanyia mzaha wazazi, wafu na watoto kwa mara moja. Kwa hiyo maumivu ya mwumini aliyekashifiwa imani yake si ya kubuni, na asemaye kwamba maneno hayaumizi hayajui maneno wala hawajui watu.

Walakini swali zito haliko hapo. Swali ni kwamba maumivu hayo humpa aliyeumia haki gani. Je, humpa haki ya kujibu, ya kujitenga, ya kushtaki, au ya kumwaga damu? Hoja itakayofuatwa hapa ni kwamba haki ya aliyeumizwa na ulimi huishia pale ulimi unapoishia. Na kwamba mwenye kuuvuka mpaka huo kwa jina la dini haihifadhi dini yake, bali huiondolea heshima ileile aliyodai kuitetea.

Kabla ya kuendelea yafaa kutenganisha mambo matatu ambayo watu wenye hasira huyachanganya. La kwanza ni kukanusha: mtu husema kwamba jambo fulani wanaloliamini wenziwe si kweli. La pili ni kukosoa: mtu huonyesha kwamba waumini fulani, au viongozi wao, wametenda au wamefundisha vibaya. La tatu ni kukashifu: mtu hakusudii kueleza lolote, bali kudhalilisha. Mambo haya hayalingani. Kukanusha hakuepukiki maadamu dini ni zaidi ya moja. Mwislamu anaposema kwamba Isa ni mtume wala si mwana wa Mungu, hasemi ila imani yake. Lakini amekanusha msingi wa imani ya Mkristo. Mkristo anapokiri kwamba Yesu ni Mungu, naye hasemi ila imani yake. Lakini amekanusha msingi wa imani ya Mwislamu. Kila mmoja, kwa kusali tu, amempinga jirani yake. Ikiwa kila upinzani ni kashfa, na kila kashfa ni jinai, basi sala yenyewe itakuwa jinai katika kila mtaa wenye msikiti na kanisa.

Jambo hili si la kufikirika tu. Katika miaka ya 1980 na 1990 wahubiri wa Kiislamu nchini Tanzania walifanya mihadhara mbele ya watu, Biblia ikiwa mkononi, wakitoa hoja kwamba Yesu si Mungu. Wakristo wengi waliyasikia maneno hayo kuwa ni kashfa. Waislamu wengi waliyaona kuwa ni mafundisho ya dini yao, wala hawakufahamu itakuwaje mtu ashtakiwe kwa kuitamka imani yake. Serikali, iliyochelea kuvunjika kwa amani, ikawa katikati. Mnamo Februari 1998 polisi walikamata watu katika msikiti wa Mwembechai, Dar es Salaam, kufuatia malalamiko ya namna hiyo. Ghasia zikazuka, na watu wakauawa kwa risasi. Damu ile haikumwagwa na umati wa waumini, ilimwagwa na dola. Lakini mzizi wake ulikuwa uleule. Neno kashfa lilikuwa limeachwa bila mpaka, na neno lisilo na mpaka hupata mfasiri wake katika mkono wenye silaha.

Anayedhani kwamba ugonjwa huu ni wa dini moja au wa bara moja na aitazame Geneva ya mwaka 1553. Michael Servetus, tabibu Mhispania, alichapisha mwaka huo kitabu kilichokana Utatu Mtakatifu na ubatizo wa watoto wachanga. Wakatoliki wa Vienne, katika Ufaransa, walimtia gerezani. Alipotoroka, wakachoma sanamu yake badala yake. Akapitia Geneva, mji wa Waprotestanti uliofuata mafundisho ya Jean Calvin. Huko akatambuliwa, akakamatwa, akahukumiwa, na tarehe 27 Oktoba akachomwa moto akiwa hai kwenye kilima cha Champel. Pande mbili za Ukristo zilizokuwa zikiitana zushi hazikuweza kupatana juu ya meza ya Bwana. Zilipatana juu ya kuni.

Katika kitabu hichohicho, kati ya kurasa za mambo ya dini, Servetus alikuwa ameeleza namna damu inavyotoka upande mmoja wa moyo, ikapita mapafuni, kisha ikarudi upande wa pili. Ibn al-Nafis alikwisha kulieleza jambo hilo kwa Kiarabu katika karne ya 13, lakini kwa matabibu wa Ulaya lilikuwa geni. Nakala za kitabu zikateketezwa, hata zikasalia 3 tu. Moto hauchagui kurasa. Anayechoma neno linalomchukiza huchoma pamoja nalo neno ambalo lingalimponya mtoto wake.

Sebastian Castellio, aliyepata kuwa mwalimu wa shule Geneva, alisimama kupinga. Hakuyatetea mafundisho ya Servetus. Alipinga kwamba mtu aweza kuuawa kwa ajili ya imani yake. Jibu lake kwa Calvin halikuchapishwa hadi mwaka 1612, yeye akiwa kaburini miaka 49. Mwaka 1903 wafuasi wa Calvin wenyewe walisimamisha jiwe la ukumbusho pale Champel kulikiri kosa la wazee wao. Toba hiyo ina sifa yake, lakini ilichelewa kwa miaka 350.

Yawezekana mtu akajibu kwamba mambo ya Geneva yalitokana na sheria kali mno, na kwamba sheria ya wastani, yenye kuadhibu kashfa peke yake, ingewatuliza watu na kuwazuia wasijichukulie hukumu mikononi. Hoja hii ina uzito, na Afrika Mashariki ina sababu ya kuipima, kwani sheria zake za kashfa ya dini zina nasaba, na nasaba hiyo hupita India. Kanuni ya Adhabu ya India, iliyotungwa chini ya Waingereza mwaka 1860, ilikuwa na vifungu vya kulinda mahali pa ibada na hisia za waumini. Kanuni hiyo ilitumika hata Kenya na Tanganyika, kabla ya nchi hizo kupewa kanuni zao mwaka 1930. Na vifungu vya dini vilivyomo katika sheria zao leo vinafanana na vile vya India kama mtoto na mzazi wake.

Huko India sheria ya wastani ilijaribiwa. Mwaka 1924 kulitolewa mjini Lahore kijitabu cha kumdhihaki Mtume Muhammad. Mchapishaji wake, Mahashe Rajpal, alishtakiwa; lakini mwaka 1927 Mahakama Kuu ilimwachilia, kwa kuwa sheria ya wakati ule haikuwa na kifungu kilicholifaa kosa lake. Waislamu wakaghadhibika, na serikali ikaongeza mwaka huohuo kifungu cha 295A, kinachomwadhibu mwenye kuzichokoza hisia za dini za watu kwa makusudi na kwa nia mbaya. Kifungu kilikuja kupoza moto, na moto haukupoa. Aprili 1929 kijana aliyeitwa Ilm-ud-din alimchoma Rajpal kisu akamwua. Naye akanyongwa kabla ya mwaka kwisha. Kijitabu ambacho pengine kingalisahauliwa upesi kikapata wafu wawili, na kwa ajili ya wafu hao kingali kinatajwa hata leo.

Pakistan, ilipozaliwa mwaka 1947, ilizirithi sheria hizo, na baadaye ikazikaza. Mwaka 1982 kuidhalilisha Kurani kuliwekewa kifungo cha maisha; mwaka 1986 kumkashifu Mtume kuliwekewa adhabu ya kifo. Kama ukali wa sheria ungaliweza kutuliza hasira, hapo ndipo pangalitulia. Lakini mashtaka yaliyokuwa machache sana kabla ya hapo yakawa mamia, na waliotuhumiwa wakaanza kuuawa kabla ya kufika mbele ya hakimu, au hata baada ya hakimu kuwaachilia. Mwaka 2009 Asia Bibi, mwanamke Mkristo aliyekuwa kibarua wa shamba, aligombana na wenziwe juu ya maji ya kunywa. Ugomvi wa kikombe cha maji ukageuzwa kuwa shitaka la kumkashifu Mtume, na mwaka 2010 akahukumiwa kifo. Salman Taseer, gavana wa Punjab, Mwislamu, alimtetea na kutaka sheria irekebishwe. Tarehe 4 Januari 2011 aliuawa kwa risasi na askari aliyepewa kazi ya kumlinda. Muuaji alipofikishwa mahakamani, mawakili walimrushia maua. Miezi miwili baadaye Shahbaz Bhatti, waziri wa mambo ya walio wachache, naye akauawa. Tarehe 31 Oktoba 2018 Mahakama ya Juu ilimwachilia Asia Bibi, kwa kuwa ushahidi ulipingana. Alikuwa amekaa gerezani karibu miaka 9 kwa neno ambalo halikuthibitishwa kuwa alilitamka.

Katika habari hii mna fundisho ambalo kila mtunga sheria anapaswa kulizingatia. Sheria inayomwambia mwumini kwamba maumivu ya moyo wake yanatosha kuwa shitaka humfundisha pia kwamba maumivu hayo yanatosha kuwa ushahidi. Na mtu akikwisha kuamini kwamba moyo wake ni ushahidi, haoni sababu ya kumngoja hakimu. Ndipo sheria iliyokusudiwa kuzuia mikono ya watu ikawa imeihalalishia kazi yake. Tena hutoa silaha mkononi mwa kila mwenye kisirani: mdai wa deni, mgomvi wa mpaka wa shamba, mke mwenza, mshindani wa kazi. Wote hupata njia ya kumwangamiza adui kwa neno moja, na aibu ya husuda yao hufunikwa kwa kanzu ya ucha Mungu.

Hasira ya namna hii haina hata subira ya kusoma. Riwaya ya Salman Rushdie iliyoleta mtafaruku ilichapishwa mwaka 1988. Februari 1989 Ayatollah Khomeini wa Iran alitoa fatwa ya kuuawa kwake. Mwaka 1991 Hitoshi Igarashi, aliyeifasiri kwa Kijapani, alichomwa kisu akafa. Tarehe 12 Agosti 2022 Rushdie mwenyewe, mzee wa miaka 75, alishambuliwa jukwaani katika jimbo la New York akapoteza jicho moja. Mshambuliaji wake alikuwa na miaka 24, hata kuzaliwa alikuwa hajazaliwa kitabu kilipotoka. Na aliliambia gazeti kwamba alikuwa amesoma kurasa 2 hivi. Mtu aweza kukichukia kitabu hicho kwa haki, na wako Waislamu waliokisoma chote wakakikosoa kwa hoja. Hao walifanya kazi ya watu. Mwenye kisu hakuitetea dini mbele ya kitabu, alikikimbia kitabu.

Tena umati, ukikosa wa kumshika, hushika yeyote. Oktoba 2012, Mbagala, Dar es Salaam, watoto wawili walibishana. Mmoja alidai kwamba mwenye kuidhalilisha Kurani hupatwa na balaa. Mwenziwe, mtoto wa Kikristo, akakojolea msahafu ili kujaribu. Habari ikatoka kwa watoto ikaingia kwa watu wazima. Umati ukakusanyika kituo cha polisi ukitaka mtoto atolewe. Polisi walipokataa, hasira ikageukia makanisa. Kadhaa yakashambuliwa, na mali zikachomwa. Waumini wa makanisa hayo hawakuwa wamegusa msahafu wowote. Kitendo cha mtoto kilikuwa kibaya, na malezi yalikuwa na kazi ya kumfunza. Lakini litafakariwe ombi la umati. Mtoto atolewe. Atolewe ili afanywe nini? Hakuna aliyesimama pale ambaye angeweza kulijibu swali hilo kwa sauti mbele ya mama yake mwenyewe.

Hapa ndipo dini yenyewe inapopaswa kuulizwa. Waislamu wanaamini kwamba Kurani inahifadhiwa na Mwenyezi Mungu. Kitabu kinachohifadhiwa na Mwenye nguvu zote hakitiwi najisi na mkojo wa mtoto. Karatasi na wino ndivyo vilivyochafuka, na ujumbe ulibaki juu ulikokuwa. Kurani hiyohiyo inawakataza waumini kuitukana miungu ya wengine, wasije nao wakamtukana Mungu kwa kutojua. Na katika sura ya An-Nisaa, waumini wanaosikia aya zikifanyiwa mzaha wanaelekezwa wasikae na wenye mzaha mpaka wageuze mazungumzo. Waondoke kitini, hawakuambiwa wapindue meza. Injili nayo yasimulia kwamba usiku wa kukamatwa kwa Yesu mfuasi wake alichomoa upanga akamkata sikio mtumwa wa kuhani mkuu. Yesu aliamuru upanga urudi alani, na kwa mujibu wa Luka akaliponya sikio. Kama palipata kuwa na saa ambayo upanga ungefaa kumtetea Mungu, ilikuwa saa ile. Na upanga ulikataliwa.

Mwenye kuua kwa kumtetea Mungu hujitia katika shimo la fikira asiloweza kutoka. Akisema Mungu hawezi kujitetea, amemkashifu kuliko yule aliyemwua. Akisema Mungu aweza, bali yeye amechaguliwa kuwa mkono wake, aonyeshe hati ya kuchaguliwa. Na kila muuaji wa dini nyingine anayo hati kama hiyo, imeandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe. Basi linalobaki kutetewa kwa kisu si heshima ya Mungu. Ni heshima ya mtu aliyejiona amedharauliwa pamoja na kundi lake. Jambo hilo ni la kibinadamu, lastahili kusikilizwa. Lakini liitwe kwa jina lake.

Haya yote hayampi mwenye ulimi cheti cha utakatifu. Uhuru wa kusema ni haki, na si kila haki ikitumiwa huwa wema. Mtu aweza kuwa ndani ya sheria akawa nje ya adabu. Anayewadhihaki walio wachache na wanyonge, wasio na gazeti wala kiti serikalini cha kujibu, hana ushujaa wowote. Amempiga aliyefungwa mikono. Anayetukana msiba wa watu ili apate kusikiwa ameuza bei rahisi kitu ambacho wengine walikilipia kwa vifungo na uhamisho. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini hukumu ya adabu hutolewa na jamii kwa kauli, kwa kumsuta mtu, kwa kumnyima hadhira. Haitolewi kwa kisu, na mara chache sana yafaa kutolewa kwa gereza.

Ushairi wa Kiswahili umehifadhi mfano mwema wa jambo hili katika desturi ya kujibizana. Mtunzi akirusha kombora la maneno, mwenziwe hujibu kwa bahari ileile na kwa vina. Wasikilizaji hupima nani amemshinda mwenziwe kwa hoja na kwa lugha. Mshairi aliyekosa la kujibu akainua ngumi angehesabiwa kuwa ameshindwa mara mbili. Dini yenye wanavyuoni, mapadri, vitabu na historia ya karne nyingi haikosi la kujibu.

Uko mpaka mmoja ambao ulimi nao haupaswi kuuvuka. Asemaye "dini hii ni ya uongo" ametoa rai, njema au mbaya. Asemaye "waueni wenye dini hii", au "chomeni nyumba ile", mbele ya umati wenye mawe mkononi, hakutoa rai. Ameanza kitendo ambacho wengine watakimaliza. Hapo sheria inayo kazi, na ifanye kazi hiyo bila kuuliza msemaji ni wa msikiti gani au kanisa gani. Sheria ilinde watu, maisha yao, nyumba zao na mahali pao pa ibada. Mafundisho yalindwe na wanaoyafundisha.

Kwa hiyo zamu ya kwanza si ya hakimu wala ya askari. Ni ya imamu, padri, mwalimu na mzee wa mtaa, katika ile saa moja au mbili habari inapopita nyumba kwa nyumba, kabla umati haujawa umati. Katika saa hiyo neno la mtu mmoja anayeaminiwa na wenye hasira lina nguvu kuliko gari zima la polisi watakaofika baadaye. Akinyamaza kwa kuogopa kuitwa msaliti wa dini yake, ameiacha dini hiyo isemewe na wenye mafuta ya taa. Akisema, huenda akatukanwa na watu wake mwenyewe, na matusi hayo yatamwuma. Ayavumilie, na mtoto asitolewe.